Santuri Kwenye Kichanja cha Kahawa

Jua lilipoanza kulegea juu ya vilima vya Litembo, Siwema aliinua pembe moja ya nailoni nyeusi iliyofunika kahawa kichanjani, akasimama hivyo hivyo ameishika. Mama mkwe wake, Ottilia, alikuwa anatoka chumba cha mgonjwa na beseni la shuka za kufua. Alimwona jinsi alivyoganda.

"Kuna nini, Mama Lidia? Nyoka?"

"Si nyoka, mama."

"Basi funua, kahawa ipate hewa."

Siwema akafunua. Kahawa yenyewe ilikuwa salama. Ilikuwa imemenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, na sasa ilitandazwa nyembamba juu ya wavu, ganda lake limekauka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana. Lakini katikati ya kahawa ililala santuri ya mzee Kilian, baba mkwe wake, nyeusi tii, na haikuwa bapa tena. Ukingo wake ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kama jani la boga lililopigwa na jua la mchana.

Ottilia alitua beseni chini. Hakupiga kelele. Kelele nazo zinataka nguvu, na za kwake zilikuwa zimeishia kwenye kumgeuza mumewe asubuhi, kumwosha, kumvalisha, kumgeuza tena.

"Nani ameiweka hapa?"

"Mimi, mama. Ilikuwa na ukungu mpaka ndani ya mistari. Nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikaona niianike. Ilipofika saa sita nikafunika kahawa kama ulivyonifundisha, ganda lisipasuke. Nikasahau kwamba nayo imo."

Kila alichokifanya mkwewe kilikuwa sawa. Huyu binti alitoka Lundo, kule chini ziwani, na kwao kitu chochote kikilowa hupelekwa kichanjani: dagaa, mihogo, nyavu, hata daftari za watoto zikiangukia majini. Kichanja hakijawahi kumharibia mtu kitu huko. Na kufunika kahawa saa ya jua kali alifundishwa hapa hapa, na Ottilia mwenyewe, kwa subira, mwaka ule alipoolewa na kuja kuona baridi ya milimani kwa mara ya kwanza akiwa amevaa kandambili. Alichoweka pamoja ni mambo mawili mazuri. Ubaya ni kwamba chini ya nailoni nyeusi mchana kuna joto la kuivisha mkate.

"Baba atakulaje jioni?" Siwema aliuliza kwa sauti ndogo.

Hilo ndilo lilikuwa swali.

*

Santuri ile ililetwa nyumbani mzee Kilian akiwa kijana wa jenereta la misheni. Alifanya kazi na bruda mmoja Mjerumani, mtu wa spana na mafuta, mwenye nywele ndefu kuliko walivyopenda mapadri. Bruda huyo aliporudi kwao alimwachia Kilian koti la mvua, mashine ya kupigia santuri, na santuri moja. Ganda lake la karatasi lilikuwa na picha ya jogoo mwekundu amesimama juu ya ngoma, nyuma yake mji wa usiku wenye taa za kijani. Watoto waliiita Santuri ya Jogoo, na jina hilo likashika.

"Ni bendi ya Kilatini," Kilian alimwambia mkewe siku ile, anaifuta kwa pindo la shati.

Ottilia alifurahi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba kwa masista na nyimbo za Kilatini za Misa ya zamani alizijua, hata kama maana yake alimwachia Mungu. Akatoa vumbi kwenye kiti, akakaa, akafunga leso vizuri kichwani, akakunja mikono. Sindano iliposhuka kikalia kinanda kirefu, cha polepole, akaona naam, ni kanisa. Halafu zikaingia ngoma. Ngoma za mikono, tatu au nne, zinakimbizana, na vyuma vinagongwa juu yake, na gitaa la umeme likaanza kulia kama mtu aliyebanwa mlangoni.

"Kilatini gani hiki?" aliuliza.

"Walatini wa Amerika. Watu wa Kihispania. Rock yao hii, wametia na ngoma za babu zao."

"Na padri anajua unayo?"

Kilian alicheka mpaka akakaa chini. Hadithi hiyo aliisimulia kwenye kila pombe ya mavuno, na Ottilia aliisikia kila mara kama vile anasemwa mwanamke mwingine.

Kitu kimoja Kilian hakukivumilia: mtu kuweka sindano katikati. Vijana walikuja, wakitaka ule wimbo wa ngoma nyingi wacheze, yeye anakataa. "Hizi si nyimbo za kuokoteza," aliwaambia. "Hawa walijifungia studio wakaipanga yote, mwanzo mpaka mwisho. Wimbo huu unamshika mwenzake mkono. Ukianzia katikati umeingia nyumba ya watu kupitia dirishani." Kwa hiyo aliyetaka wimbo wa ngoma alikaa kwanza asikilize kinanda, na mvua ya vyuma vidogo, na yule mwimbaji wa sauti nyembamba aliyeimba kama ana usingizi. Wengi waliondoka. Ottilia hakuwa na pa kuondokea. Alipika nayo, akachambua maharage nayo, akanyonyesha nayo. Hakuipenda hata siku moja.

Kiharusi kilipompiga Kilian kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Kilimwachia macho, mkono wa kushoto, na ukaidi. Hospitali walimrudisha nyumbani na maelekezo: ale vitu vizito kidogo, visivyo vya maji maji, na ale polepole, ameze kabisa ndipo apewe kingine, la sivyo atapaliwa na chakula kitaingia mapafuni. Kusema ni rahisi. Kilian alifunga meno. Kijiko kikikaribia aligeuza uso ukutani, na akilazimishwa alikohoa mpaka macho yakatoka machozi. Alikonda, shingo ikabaki kamba.

Ni Wendelin, mwana wao, mume wa Siwema, aliyewasha ile mashine Jumapili moja, kwa ajili tu ya kupunguza ukimya wa nyumba. Kinanda kikaanza, na mzee akafungua mdomo. Ottilia alikuwa na kijiko cha uji mkononi, akakitia. Zikaja ngoma, mzee akatafuna, ingawa uji hautafunwi. Gitaa likalia likanyamaza, na pale penye kimya kidogo kabla ya ngoma kurudi, akameza. Tangu hapo ikawa ndiyo njia. Upande wa kwanza uji wa ulezi, upande wa pili ugali laini na mchuzi wa maharage, asubuhi na jioni. Ottilia hakuhitaji tena kubembeleza wala kukisia. Kinanda, fungua. Ngoma, tafuna. Kimya, meza. Santuri ilimfanyia kazi yote ya kichwa, yeye akabaki mkono na kijiko.

Kwa hiyo pale kichanjani, akiishika santuri iliyojikunja, kilichompitia kwanza moyoni kilikuwa nafuu. Jioni hii sitaisikia, alijisemea. Kisha akakumbuka shingo ya mumewe.

*

Waliilaza santuri sakafuni kati ya vipande viwili vya mbao, wakaiwekea gunia la mahindi juu. Jioni hiyo Kilian alitazama mashine, akatazama mlango, akatazama mashine. Uji ulipokuja alifunga meno.

"Baba Wendelin, ni mimi," Ottilia alisema. "Kula kidogo tu."

Akageukia ukutani.

Kulipokucha santuri ilikuwa imenyooka kiasi, waliiweka, sindano ikaruka kama mwanambuzi, ikatua, ikaruka, ikakwaruza hadi katikati na kutulia. Kilian aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Hasira hiyo waliielewa bila maneno. Hakula asubuhi, wala mchana.

Nesi Gaudiosa alipita akiwa njiani kwenda kwa wagonjwa wengine. Alimbana mzee ngozi ya mkono, ikachelewa kurudi.

"Shikamoo mama. Huyu hanywi."

"Marahaba. Hanywi wala hali."

"Tangu lini?"

"Tangu santuri ife."

Gaudiosa alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, haikumlazimu kuuliza santuri gani. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mama, sikufichi. Akiendelea hivi tutampeleka wodini tumpitishie mpira puani. Chakula kiende chenyewe tumboni."

"Na yeye atakubali?"

"Wakikataa huwa tunawafunga mkono, wasiung'oe."

Ottilia alitazama ule mkono wa kushoto wa mumewe, uliobaki peke yake katika mwili mzima, na kucha alizomkata juzi. Kuufunga huo.

"Mnipe mpaka kesho," alisema.

"Kesho asubuhi nitapita, mama. Na mimi siombi iwe hivyo."

Siwema alikuwa jikoni, anasikia. Alipiga simu Mbinga mjini, kwa mumewe, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Wendelin alifika na bodaboda kabla ya jioni, uso wote vumbi jekundu, simu kubwa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Mama, msiwe na wasiwasi, kila kitu kipo mtandaoni siku hizi. Hawa jamaa ni maarufu duniani."

"Basi watafute hao jamaa zako."

Aliwatafuta akiwa amesimama juu ya jiwe la kufulia, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu zaidi. Alirudi na nyimbo. Ottilia alichukua kijiko, wote wakakaa. Simu ikaanza na ule wimbo wa ngoma nyingi.

"Huo ni wa nne," Ottilia alisema.

"Si ni huo huo, mama?"

"Ni wa nne. Baba yako ataudhika."

Mzee alikuwa ameshafumba macho. Wimbo ulipoisha ikaja sauti ya msichana inatangaza mkopo wa haraka, tena kwa uchangamfu mkubwa. Wendelin alihangaika na kidole. Ikaja nyingine, watu maelfu wanashangilia, bendi inapiga mbio, kinanda hakisikiki.

"Hii wamepiga uwanjani," Wendelin alisema. "Ile ya studio yote kwa pamoja siioni. Nimepata vipande. Vingine wameweka vya juzi juzi, wazee wenyewe wameshaota mvi."

"Wazee wenyewe wanatafuta hela ya dawa," Siwema alisema. Ottilia nusura acheke.

"Vipange basi," alimwambia mwanawe.

"Vya upande wa pili sivioni, mama. Na bando limekata."

Kilian alinyanyua mkono wa kushoto, akaisukuma simu mbali na uso wake, taratibu, kama mtu anayekataa sahani kwa watu asiotaka kuwaaibisha. Wendelin aliipokea isianguke. Alikaa nayo mapajani, mwanamume mzima wa kilo zake, akitazama miguu ya baba yake ilivyokuwa miembamba chini ya blanketi.

"Nitaongea na Gaudiosa," alisema mwishoni. "Labda ule mpira ndio njia."

"Nenda kale," Ottilia alisema. "Umetoka mbali."

*

Asubuhi ilikuwa na ukungu, mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mteremkoni, hayakuonekana ng'ambo ya bonde. Ottilia aliamka mgongo umekaza, akawasha moto, akakoroga uji wa ulezi na karanga mpaka ukashika mwiko. Aliupeleka chumbani kwa sababu ndiyo saa ya kuupeleka. Hakuwa na mpango wowote. Alikaa kwenye kiti kile kile, akaweka kitambaa kidevuni kwa Kilian, akachota kijiko, na mdomo ukafungwa mbele yake kama jana.

Akakaa na kijiko hewani. Ni katika kule kungoja, bila kuamua, alipojisikia anatoa kinanda puani.

Mmmmm, kirefu, cha polepole, kinapanda nusu ngazi na kurudi. Hakuwahi kukiimba. Alishangaa kukikuta pale, kizima, pamoja na pale kinapojikwaa kidogo kabla ya kupanda tena. Kilian alifungua macho. Ottilia hakuacha, maana aliogopa akiacha asikipate tena. Vyuma vidogo vya mvua alivipiga kwa ulimi kwenye meno. Kisha akafika penye ngoma, akawa hana mkono: wa kulia una kijiko, wa kushoto umeshika kidevu.

"Mama Lidia," aliita katikati ya mmmmm. "Njoo na ndoo."

Siwema alikuja na ndoo ya plastiki, akasimama mlangoni, akaelewa. Akaifudikiza sakafuni, akapiga magoti. Kwao Lundo alikulia kwenye kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani. Mikono yake ilijua kukaa kwenye ngoma kabla hajajua kusonga ugali. Ila alipiga ya kwao.

"Siyo hivyo," Ottilia alisema. "Ya pili inachelewa. Inakuja kama mtu mwenye kigugumizi."

"Hivi?"

"Chelewesha tena. Hapo."

Na Kilian alifungua mdomo. Alifungua kidogo, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba asiyo na uhakika nayo, na Ottilia akatia uji. Akatafuna uji usiotafunwa. Ottilia alilia gitaa, alilia kweli, kwa sauti ya mwanamke mzee iliyokatika mara mbili, akalipeleka juu pale linapobanwa mlangoni, akalishusha. Akanyamaza. Koo la mumewe likapanda, likashuka.

Wimbo wa pili ulikuwa wa yule mwimbaji mwenye usingizi. Maneno ya Kihispania yalimtoka Ottilia yote, ubeti baada ya ubeti, kama shanga zinazotoka kwenye uzi mmoja, na hakujua hata moja kama ni la mapenzi au la matusi. Wendelin alikuja kusimama dirishani kwa nje, mswaki mdomoni, akaondoka. Wa tatu. Wa nne, ule wa ngoma, Siwema jasho likamtoka, ndoo ikapasuka ukingo. Uji uliisha bakulini.

Gaudiosa alipofika aliwakuta kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Alisubiri koridoni na mkoba wake mpaka kimya.

"Amemaliza?" aliuliza.

Ottilia alimwonyesha bakuli. Sauti ilikuwa imekauka, hakutaka kuitumia ovyo.

"Basi tuache kwanza habari ya mpira," nesi alisema. Alimtazama mzee, kisha akamtazama mke, akamtazama kwa muda mrefu zaidi. "Lakini mama, jioni pia?"

"Jioni pia."

"Na kesho?"

"Wewe si ndiye uliyesema ale mara mbili?"

Gaudiosa alicheka kidogo, akaenda zake.

Ilibaki ugali. Ilibaki upande wa pili. Ottilia aliinuka kwenda jikoni, akajikuta ameketi tena. Hapo ndipo alipoielewa vizuri ile mashine ya bruda. Alikuwa ameichukia kwa kumwimbia kila siku kitu kile kile, kumbe muda wote ilikuwa inaimba kwa niaba yake, ili yeye asiimbe. Sasa santuri ni yeye. Haina pa kuzimia, haina ganda la kurudishiwa, asubuhi na jioni mpaka mmoja wao amtangulie mwenzake.

Siwema alirudi kutoka jikoni na sahani ya ugali na kibakuli cha mchuzi. Hakumpa. Alivuta kigoda upande mwingine wa kitanda, akachukua kijiko.

"Mama, upande wa pili niachie mimi."

"Unaujua?"

"Nimeolewa hapa, mama. Nitaacha kuujua?"

"Mwimbaji anaanza peke yake. Ngoma baadaye."

"Najua. Kaa."

Siwema alianza. Sauti yake ilikuwa nene, ya kuitia watu ng'ambo ya maji, na Kihispania chake kilikuwa na Kinyasa ndani yake. Mkono wa kushoto ulipiga paja, wa kulia ukalisha. Kilian alimtazama mkwewe kwa mashaka makubwa. Alikula.

Ottilia aliegemeza kichwa ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi, mzuri. Ulipita wimbo wa kwanza, ukapita wa pili, na badala ya wa tatu Siwema akaingia moja kwa moja kwenye wa nne, ule wa filimbi, kwa furaha kabisa, bila kujua ameruka nyumba ya watu.

Mkono wa Kilian ukagonga ubao wa kitanda. Ko!

"Nini, baba? Moto?"

Akagonga tena.

Ottilia aliujua wimbo ulioachwa. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, unaanza na gitaa la chini na mtu anakohoa kwa mbali ndani ya studio, na angeweza kuutaja kwa pumzi moja tu. Alifumba macho. Alimsikia Siwema akijaribu hiki, akagongewa, akajaribu kile, akagongewa, akisema, "Baba nawe, nisubiri basi, mimi si mashine." Kisha kikohozi cha mbali, kimeigizwa vizuri, na ubao ukanyamaza.

Kijiko kiligusa sahani. Ottilia alikisikia mara moja, mara ya pili kilimkuta amelala.